Njia za Miguu za Milima Yetu: Ni za Nani, na Zitunzwe Vipi?

Wageni wanaopanda kutoka Mombo hadi Lushoto mjini, safari ya kilomita zipatazo 33 kwa barabara ya lami inayopitia Soni, wengi wao hawaji kutafuta simba wala tembo. Huja kutembea kwa miguu katika milima ya Usambara Magharibi, na baadhi yao huja kuendesha baiskeli. Njia wanazozitumia hazikuchongwa kwa ajili yao. Ni zile zile anazopita mkulima aendaye bondeni, mama aliyejitwika karoti kuelekea gulioni, na mtoto awahiye kengele ya shule. Kwa hiyo njia inapobomoka, mgeni hupoteza matembezi ya siku moja, lakini mwenyeji hupoteza njia yake ya kila siku.

Makala haya yanaeleza njia hizo ni zipi, kwa nini huharibika, nani mwenye dhamana ya kuzitunza, na mwananchi afanye nini ili zidumu na ziwanufaishe watu wa kata zinamopita.

Njia zinazotumika zaidi

Njia fupi inayojulikana kuliko zote ni ile itokayo Lushoto mjini kupitia Yoghoi hadi Irente, umbali wa kilomita zipatazo sita. Mwisho wake ni ukingo wa jabali ambapo mlima unakatika ghafla na tambarare ya Mazinde inaonekana chini kabisa. Mtu mwenye afya njema huenda na kurudi kwa nusu siku.

Njia ya pili ni ya msitu. Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba ina ukubwa wa zaidi ya hekta 9,000. Ni sehemu ya safu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo wataalamu huithamini kwa wingi wa mimea na wanyama wasiopatikana penginepo duniani. Humo wamo mbega, vinyonga wa aina mbalimbali, na miti ya asili kama mkulo. Hifadhi hii inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na anayeingia kutembea humo hana budi kufuata taratibu za Wakala na kulipa kiingilio kwa namba ya malipo ya Serikali. Si ruhusa kufungua njia mpya ndani ya hifadhi, hata kama ni ya mkato.

Njia ya tatu ni ya safari ndefu. Watembeao kwa siku tatu au zaidi hupitia upande wa Lukozi na Rangwi hadi Mtae, kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa mlima kaskazini mwa wilaya. Hulala vijijini na kula chakula cha wenyeji. Waendesha baiskeli nao hupendelea barabara za udongo za ukanda huo huo, kwa sababu zina upana wa kutosha na miinuko yake huwapa mazoezi wanayoyatafuta.

Kwa nini njia hubomoka

Adui wa kwanza wa njia ya mlimani ni maji. Njia iliyonyooka kutoka kileleni hadi bondeni hugeuka mfereji mvua inaponyesha. Maji hukusanyika, huongeza kasi, huchukua udongo, na baada ya masika machache njia huwa korongo. Wapitao hulikwepa korongo hilo kwa kukanyaga kando, nyasi hufa, na mvua inayofuata hukuta udongo ulio wazi zaidi. Hivyo ndivyo njia ya upana wa hatua mbili inavyomeza sehemu ya shamba la jirani.

Tiba yake haihitaji mashine. Kwanza, njia ipande mlima kwa mshazari na kukata kona, isinyooke kufuata mteremko. Pili, uso wake uinamie kidogo upande wa bonde ili maji yatoke kidogo kidogo kila mahali, badala ya kujikusanya katikati. Tatu, penye mteremko mkali yawekwe makinga ya mawe au magogo yanayokatisha njia kwa mshazari na kuyaelekeza maji pembeni penye nyasi. Kadiri mteremko unavyozidi, ndivyo makinga yanavyokaribiana. Nne, kingo zipandwe majani yanayoshika udongo. Jambo la kuzingatia ni kwamba maji yanayotolewa njiani yasielekezwe kwenye matuta ya mtu, kwani huko ni kuhamisha korongo, si kulizuia.

Wakulima wa Lushoto hawahitaji kufundishwa somo hili upya. Mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kuendeleza kilimo mseto, uliojulikana kwa kifupi kama SECAP na ulioanza mwaka 1981 kwa ushirikiano na Ujerumani, ulieneza makingamaji ya majani ya Guatemala na mabingobingo, ambayo pia ni malisho ya ng'ombe wa ndani. Majani yaliyookoa mashamba ndiyo hayo hayo yanayoweza kuokoa kingo za njia.

Adui wa pili ni jembe. Ardhi yetu ni finyu, na kila msimu kuna anayeongeza mstari mmoja wa viazi au maharage kuelekea njiani. Mstari mmoja hauonekani kuwa kosa, lakini baada ya misimu kadhaa njia hubaki uzi, ukingo wake humong'onyoka, na mwenye mzigo kichwani hulazimika kushuka mtaroni ili kumpisha mwenzake. Mahali njia inapopita karibu na chemchemi au kijito, sheria ni kali zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji.

Nani mwenye dhamana

Swali hili huulizwa mara nyingi, na jibu lake hutegemea njia inapopita. Barabara za wilaya zipitazo magari ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017. Njia zilizo ndani ya hifadhi ya msitu ziko chini ya TFS. Njia za miguu zinazounganisha vitongoji, mashamba na shule ndani ya ardhi ya kijiji ziko mikononi mwa kijiji chenyewe.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Kijiji kinapoandaa mpango wa matumizi ya ardhi, ni vyema njia muhimu zichorwe katika ramani pamoja na upana wake. Njia iliyomo kwenye ramani hutetewa kwa urahisi. Njia iliyomo kwenye kumbukumbu za wazee peke yake huanza kubishaniwa wazee hao wanapotutoka. Mgogoro ukizuka, mahali pa kuanzia ni Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kuwasuluhisha wanaogombana kabla shauri halijafika mbali.

Kijiji pia kina uwezo wa kutunga sheria ndogo za kulinda njia. Utaratibu ni kwamba rasimu hujadiliwa katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha hupelekwa Halmashauri ya Wilaya ili ithibitishwe. Hatua ya mkutano isichukuliwe kuwa ya kutimiza masharti tu. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha watu wa Mlalo na Usambara kwa jumla kutengeneza matuta ya kuhifadhi udongo, kwa amri na adhabu. Kusudi la kuzuia mmomonyoko halikuwa baya, lakini watu hawakushirikishwa na kazi ilikuwa nzito mno. Waliukataa mpango huo nao ukaanguka. Sheria ya njia isiyokubaliwa na wanaopita njiani itakuwa na mwisho kama huo.

Adabu za njiani

Njia moja ikitumiwa na watu wa namna nyingi, ugomvi huzuiwa kwa taratibu zinazojulikana na wote. Anayetembea kwa miguu ana haki ya kwanza, na mwenye mzigo humtangulia asiye na mzigo. Mwendesha baiskeli anayeshuka humpisha anayepanda, hupiga kengele kabla ya kona, na hafungi breki ghafla kwenye udongo uliolowa, kwa sababu gurudumu linaloteleza huchimba mfereji. Baada ya mvua kubwa, baiskeli zibaki kwenye barabara za udongo hadi njia ndogo zikauke. Pikipiki zisiingizwe kabisa katika njia za miguu zenye miteremko.

Mgeni naye ana wajibu wake. Asikatishe katikati ya mashamba, asipige picha ya mtu bila ridhaa yake, na taka zake arudi nazo. Tunawaomba wazazi wawakataze watoto kuwafuata wageni wakiomba fedha na peremende. Tabia hiyo huwatoa darasani, na huweza kuwaingiza mikononi mwa watu wasio wema.

Fedha ziingieje

Matembezi huleta riziki kwa njia halali: kuongoza wageni, kuwapa malazi na chakula, kuwauzia matunda na kazi za mikono, kuwakodisha baiskeli. Kazi ya kuongoza watalii inahitaji leseni, na anayekusudia kuifanya aonane kwanza na maafisa wanaohusika na utalii. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vyenye wazo la biashara ya aina hii vinaweza kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambapo asilimia nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kuonwa.

Lisilo halali ni mtu kukaa njiani na kumtoza mgeni fedha ya kupita. Ushuru wowote lazima uwe na sheria nyuma yake na risiti mbele yake. Kijiji kinachopokea fedha za wageni kina wajibu wa kusoma mapato na matumizi yake katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaopaswa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Mwananchi ana haki ya kuuliza ni kiasi gani kimerudi kutengeneza njia iliyoleta fedha hizo.

Usalama

Ukungu wa Magamba hushuka ghafla, na kingo za Irente hazina huruma kwa anayerudi nyuma ili apate picha nzuri. Mgeni aonekanaye amepotea aelekezwe ofisi ya kijiji iliyo karibu. Ikitokea ajali, Polisi hupigiwa namba 112 na Zimamoto na Uokoaji namba 114, bila malipo.

La kufanya sasa

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Korongo la kina cha goti huzibwa kwa siku moja ya msaragambo. Likifika kina cha mtu, kijiji huhitaji fedha ambazo hakina. Kwa hiyo tunashauri kila kitongoji, kabla ya mvua za vuli, kipite njia zake pamoja na mwenyekiti wake na kuandika mambo matatu: ni wapi maji yanapita katikati ya njia, ni wapi jembe limeingia, na ni wapi mtoto hawezi kupita salama mvua ikinyesha. Orodha hiyo ifikishwe kwa Mtendaji wa Kijiji ili iwe ajenda ya mkutano unaofuata. Kazi ianzie pale ambapo mtoto hawezi kupita.