Ghala la Picha za Familia: Je, Ufunguo Uko kwa Nani?

Zamani picha za familia zilikaa katika albamu juu ya kabati la sebuleni. Mgeni alipofika, watoto walimletea aitazame huku chai ikichemka. Siku hizi picha hizo zimo ndani ya simu: za harusi, za kifungua mimba akitambaa, za bibi kabla hajafariki, pamoja na picha za vyeti vya kuzaliwa na hati ya kiwanja. Simu ikiibwa kwenye basi, au ikitumbukia katika ndoo ya maji, vyote huenda nayo.

Ndiyo maana familia nyingine huweka ghala nyumbani: kisanduku kidogo chenye diski, kilichounganishwa na intaneti ya nyumba, ambamo simu na kompyuta zote huhifadhi nakala. Ni jambo jema. Lakini akina mama wengi huliona kuwa shughuli ya baba na fundi. Mama mpendwa, hebu tuangalie pamoja jinsi mtandao huo unavyojengwa, ili nawe uwe na sauti, na uwe na ufunguo.

RUTA MBILI, NYUMBA MOJA

Ruta ni kile kifaa chenye vitaa kinacholeta intaneti nyumbani. Katika nyumba yenye kuta nene za mawe au matofali, waifai yake huchoka kabla ya kufika vyumba vya nyuma. Mawimbi ya 5 GHz huenda kasi lakini hudhoofishwa upesi na ukuta. Yale ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi, ila ni ya polepole. Basi familia hununua ruta ya pili.

Hapo ndipo matatizo huanza. Kila ruta hutoka dukani ikijiona kuwa mkuu wa nyumba. Ya kwanza hugawa anwani zinazoanza, tuseme, na 192.168.1, ya pili nayo hugawa zake zinazoanza na 192.168.0. Sasa mna nyumba mbili chini ya paa moja. Ghala likichomekwa kwenye ruta ya pili, simu iliyo sebuleni kwenye ruta ya kwanza hailioni, ingawa zote mbili zina intaneti.

Dawa yake ni kuiambia ruta ya pili iwe msaidizi wa kueneza waifai tu. Ruta nyingi zina chaguo hilo, nalo huandikwa AP. Lisipokuwepo, fundi azime ugawaji wa anwani, unaoitwa DHCP, katika ruta hiyo ya pili. Aipe anwani isiyogongana na ya kwanza. Kisha waya achomeke katika tundu la kawaida, si lile la intaneti. Ruta ya tatu ifanyiwe vivyo hivyo. Zote zipewe jina moja la waifai na neno moja la siri. Waya wa mtandao waweza kufika mita 100, hivyo hata chumba cha uani hakiachwi nyuma.

GHALA LENYEWE

Kisanduku hicho, ambacho mafundi hukiita NAS, kikae karibu na ruta kuu, mahali pakavu penye hewa, mbali na mikono ya watoto. Kichomekwe kwenye betri ya akiba, kwa maana umeme ukikatika ghafla waweza kuharibu yaliyomo.

Visanduku vingi huwa na diski mbili zinazoandika kitu kile kile, ili moja ikifa nyingine ibaki. Je, hapo mmeshajikinga? La hasha! Mtoto akifuta picha kwa bahati mbaya, imefutika katika diski zote mbili papo hapo. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba zote mbili. Kanuni nzuri ni hii: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Ya kwanza imo katika simu, ya pili katika ghala, na ya tatu katika diski ya kuchomeka inayokaa kwa dada yako au kwa wazazi, na kuletwa kila mwezi kuongezewa mapya.

MLANGO WA MBALI

Uzuri wa ghala ni kwamba baba aliye kazini Muscat, au binti aliye chuoni Dodoma, aweza kulifungua kutoka huko. Hapa yafaa kuwa macho. Mafundi wengine hutoboa njia kwenye ruta ili ghala lifikiwe moja kwa moja. Njia hiyo huonekana na dunia nzima.

Mwezi Juni 2021, watu wa nchi mbalimbali wenye visanduku vya My Book Live, vya kampuni ya Western Digital, walikuta vimefutwa na kurudi kama vilivyotoka kiwandani. Vilikuwa wazi kwa intaneti, vikiwa na kasoro iliyomwezesha mtu wa mbali kuvifuta bila neno la siri. Programu yake haikuwa imerekebishwa tangu 2015. Ambao hawakuwa na nakala kwingine walipoteza picha za miaka mingi kwa siku moja.

Njia iliyo salama zaidi ni VPN, yaani ujia wa faragha kati ya simu yako na nyumba, ambao wapita njia hawauoni ndani. WireGuard na Tailscale ni programu za kazi hiyo. Kwa Tailscale, simu na ghala hujitambulisha kwa akaunti ya familia, kisha huonana bila ruta kutobolewa. Hufaa hasa kwa intaneti ya laini ya simu, ambako mara nyingi kampuni huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na njia iliyotobolewa haifanyi kazi.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika katika karatasi neno la siri la ruta, la ghala na la akaunti ya VPN, na mahali ilipo diski ya tatu. Tia katika bahasha, uiweke pamoja na hati za nyumba. Maneno ya siri yaliyotoka kiwandani yabadilishwe, na fundi akimaliza kazi, yabadilishwe tena. Programu za ruta na ghala zipewe marekebisho kila yanapotolewa.

Baba akisafiri au akiugua, mama asisimame nje ya ghala lake mwenyewe. Jioni ya leo, baada ya chakula, mwombe mumeo akuonyeshe, kisha ufungue wewe kwa mkono wako. Chagua picha moja ya zamani, uirejeshe kutoka ghalani hadi kwenye simu yako. Ikirudi, mna ghala. Isiporudi, ni heri mmejua leo.