Kijani au Nyekundu: Utani wa Jadi Ndani ya Kasha la Kompyuta

"Mjomba, kadi nyekundu sitaki hata bure."

Mpwa wangu ana miaka 17, Yanga damu, na siku hiyo tulikuwa Kariakoo, ghorofa ya pili, kwenye kiduka cha kompyuta kisichozidi kitanda cha sita kwa sita. Muuzaji alikuwa ametuwekea maboksi mawili juu ya kaunta. La kijani lilikuwa la GeForce, kadi ya Nvidia. Jekundu lilikuwa la Radeon, kadi ya AMD. Kijana hakuuliza bei wala memori. Alilisogeza lile jekundu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayetenga mfupa wa samaki pembeni ya sahani.

Ushabiki huu hakuuanzisha yeye. Duniani kote wacheza gemu wamegawanyika kijani na nyekundu, na wanabishana kama vijiwe vyetu wiki ya mechi ya watani. Mwaka 2022 aliingia wa tatu, Intel, na kadi zake za Arc. Rangi ya Intel ni bluu, kwa hiyo hata Azam tunaye.

Je, wajua kadi ya michoro inafanya nini hasa? Skrini ya kawaida ya 1080p ina vitone vya rangi 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla 2,073,600. Gemu likienda kwa fremu 60 kwa sekunde, kila kitone hupigiwa hesabu upya mara 60: mwanga unatokea wapi, ukuta uko mbele ya mtu au nyuma yake, jani limeangukiwa na kivuli au la. Hizo ni rangi zaidi ya milioni 124 kila sekunde, na picha moja ina milisekunde 16.7 tu za kukamilika.

Prosesa ya kompyuta ni mpishi mkuu wa pilau la harusi. Anajua mengi, anaonja, anaamua, lakini yuko mmoja, au wanne, au wanane. Mwachie gunia zima la mchele achambue peke yake uone kama wageni watakula. Kadi ya michoro ni akina mama mia nane waliokaa ukumbini, kila mmoja na ungo wake. Kupika pilau si kazi yao. Wanachambua tu, na punje za huyu hazimsubiri yule. GeForce GTX 1650 ina viini vya kazi hiyo 896, na Radeon RX 6400 ina 768. Namba hizo usizishindanishe moja kwa moja, maana ungo wa huku si ungo wa kule.

Kuhusu jezi, kuna jambo nilimweleza mpwa wangu palepale na hakulipenda. AMD haikuzaliwa nyekundu. Nembo yake ya zamani ilikuwa ya kijani. Wekundu uliletwa na ATI, kampuni ya Kanada iliyoanzishwa 1985, ambayo ndiyo mama wa Radeon. AMD iliinunua mwaka 2006 kwa dola bilioni 5.4, na jezi ikaja na usajili. Nvidia nayo ilianzishwa 1993 na watu watatu, Jensen Huang, Chris Malachowsky na Curtis Priem, waliokuwa wakikutana kupanga mambo yao kwenye mgahawa wa Denny's, San Jose. Mwaka 1999 wakatoa GeForce 256, na wakaipigia debe kuwa ndiyo GPU, yaani prosesa ya michoro, ya kwanza duniani.

Huang bado ndiye bosi wa Nvidia. Bosi wa AMD tangu 2014 ni Lisa Su. Wote wawili walizaliwa Taiwan, na ni ndugu: babu yake Lisa, mzaa mama, ni kaka wa mama yake Jensen. Wamarekani wanahangaika kuupatia neno undugu huo. Kiswahili hakihangaiki. Jensen ni binamu wa mama yake Lisa, basi ni mjomba. Hawakulelewa pamoja, lakini damu ndiyo hiyo. Na chipu zao nyingi za karibuni zinatoka jikoni kwa mtu mmoja, kampuni ya TSMC ya Taiwan. Baada ya hayo mtu akiniambia kijani na nyekundu ni mbingu na ardhi, namwangalia tu.

Tofauti zipo, sikatai. Mwaka 2018 Nvidia ilitoa kadi za RTX, zenye viini maalumu vya kufuata mwale wa mwanga unavyodunda kutoka kioo hadi dimbwi la maji, na ikaongeza DLSS, hila ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza kwa akili ya kujifunza. Kwenye mambo hayo kijani ilitangulia kwa muda mrefu. Nyekundu mara nyingi ndiyo inayokupa memori zaidi kwa pesa ileile, na chipu zake ndizo zimo ndani ya PlayStation 5 na Xbox. Ubishi wa maana uko hapo. Ila kwa kompyuta kama ya mpwa wangu, ubishi huo haufiki hata mlangoni.

Anatumia Dell OptiPlex 7010 ya kasha jembamba, mtumba uliotoka ofisini Ulaya. Pawa saplai yake ni ya wati 240 na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi itakula kinachotoka kwenye sloti tu, na sloti ya PCI Express inaishia wati 75. Nilipomwambia muuzaji hivyo, alicheka, akarudisha kabatini karibu kila kitu: RTX 4060 ya wati 115, RX 7600 ya wati 165, na maboksi yote mawili ya mwanzo. (Hizo mbili nilizozitaja zimepishana wati 50. Ukicheza saa nne kila siku kadi ikiwa imebanwa, ni kama uniti sita kwa mwezi. Anayenunua LUKU nyumbani kwao ni dada yangu.)

Zikabaki kadi fupi mbili: GTX 1650 na RX 6400. Kwa umeme nyekundu ilikuwa imeshinda, maana inakula wati 53 tu. Iliangushwa na barabara. RX 6400 huzungumza na mazabodi kwa njia nne, GTX 1650 kwa njia 16. Kwenye kompyuta mpya njia hizo nne zina kasi ya kutosha, lakini mazabodi ya 2012 ni ya kizazi cha tatu, ambako kila njia hupitisha nusu ya mzigo wa kizazi cha nne. Memori ya kadi ni GB 4. Ikijaa katikati ya gemu, kadi hukimbilia kukopa kwenye RAM, na foleni yake hapo ni ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Picha inakwama, adui anakumaliza.

Kabla ya kulipa nilitoa flashi yenye programu ya GPU-Z, nikaomba kadi ichomekwe. Muuzaji mwingine angenuna. Tabia hii niliipata kwa kuumia. Miaka michache nyuma niliuziwa "GTX 1050 Ti" kwa bei ya kutupa. Ilikuwa na tundu la VGA, lile la bluu, na furaha ilinizuia kujiuliza limetoka wapi, wakati kizazi hicho cha GeForce kilikwisha acha kutoa picha ya analogi. Kila gemu likajizima. GPU-Z ilipofunguka, mwanzoni mwa jina kuliandikwa FAKE. Chini yake chipu ikasomeka GF106, ya GTS 450 ya mwaka 2010: viini 192 mahali pa 768, na programu yake ya ndani imefutwa ikaandikwa jina la ujana. Muuzaji nilimrudia. Duka lilikuwa linauza mabegi.

Safari hii jina lilikuwa safi. Tukalipa, na mpwa wangu akashuka ngazi akiimba nyimbo za Jangwani, kwa imani kwamba kijani imeshinda kwa ukijani wake.

Usiku alifungua God of War, likawa linasuasua. Alipotoka kufuata chipsi niliingia kwenye mipangilio, nikawasha FSR. Gemu likaanza kuchorwa kwa vitone 1,280 kwa 720, chini ya nusu ya kazi, kisha picha ikakuzwa kujaza skrini. Aliporudi alikaa, akacheza dakika mbili bila kugusa chipsi.

"Umeona Nvidia, mjomba?"

DLSS ingekataa, maana inataka RTX. FSR ilitolewa 2021, na toleo hili linakubali kadi za pande zote. Ni kazi ya AMD.

"Nimeona," nikamwambia, nikachukua chipsi moja.