Kilwa: Kipande kidogo kinachosahauliwa garaji, na mota inayozimika katikati ya Ziwa Mweru

Kilwa, wilaya ya Pweto, ni mji unaoishi kwa mota ndogo. Kuna mota za pirogi zinazovuka Ziwa Mweru, grupu za umeme zinazowasha taa za maduka na kuchaji simu, mashine za kusaga mahindi, pikipiki za kubeba watu na mizigo. Karibu zote zina pistoni moja au mbili, na karibu zote hutengenezwa na fundi anayefanya kazi chini ya mti au kando ya barabara, vifaa vyake vikiwa vimetandazwa juu ya gunia.

Hapo ndipo linapoanzia tatizo ambalo wavuvi na wenye grupu wanalijua vizuri. Fundi anafungua mota, anasafisha, anafunga, anavuta kamba, mota inawaka. Mwenye mali analipa na kuondoka. Halafu jioni, fundi akikunja gunia lake, anaona rondeli moja, resori nyembamba au ekru iliyobaki. Wengine hucheka na kusema kwamba kiwanda kiliweka vipande vingi kuliko vinavyohitajika. Lakini kiwanda hakiweki chuma cha bure ndani ya mota.

Ziwa Mweru lina ukubwa wa kilomita za mraba 5,000 hivi, na linagawanywa kati ya Kongo na Zambia. Kutoka upande wetu hadi upande wa Nchelenge ni wastani wa kilomita 40. Mota ikizimika huko katikati, usiku, upepo ukiwa umeamka, pirogi inakwenda pale maji yanapotaka. Samaki aliyevuliwa anaharibika, chisense hawafiki kwenye jua la kuwaanika, na familia inabaki kusubiri ufukweni.

Vipande vitano vya kuangalia

Cha kwanza ni gupiye ya elisi. Ni kipande cha chuma kama msumari uliokunjwa, kinachopita ndani ya ekru inayoshika elisi nyuma ya mota ya pirogi. Bila hiyo gupiye, mtikisiko unafungua ekru polepole. Safari ya kwanza inaweza kwenda vizuri, hata ya pili. Siku moja mota inanguruma lakini pirogi haisogei: elisi imekwenda chini ya ziwa.

Cha pili ni klaveti ya turbini ya maji. Mota ya pirogi hupozwa na maji ya ziwa yanayovutwa na turbini ndogo ya mpira. Turbini hiyo inazungushwa na mhimili kupitia klaveti, kipande kidogo kuliko punje ya mahindi. Klaveti ikisahauliwa, mhimili unazunguka peke yake, turbini inasimama, maji hayapandi. Alama yake ni rahisi kuona: ule mkondo mdogo wa maji unaoruka nyuma ya mota haupo. Anayeendelea na safari bila mkondo huo anaipika mota yake mwenyewe.

Cha tatu ni klipsi za pistoni. Mhimili mdogo unaounganisha pistoni na mkono wake hushikwa na klipsi mbili, moja kila upande. Klipsi moja ikikosekana, mhimili unatembea hadi unagusa ukuta wa silinda na kuuchana. Hapo si suala la kipande kidogo tena, ni silinda nzima ya kubadilisha.

Cha nne kinahusu grupu za umeme: kijiti kinachounganisha gavana na karburateri. Gavana ndiye anayezuia mota kukimbia kupita kiasi. Grupu nyingi ndogo zinatakiwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa umeme wa hertzi 50. Kijiti hicho kisiporudishwa, mota inaweza kupiga kelele na kukimbia ovyo, umeme unapanda, na balbu, televisheni na chaja za simu zinaungua kwa pamoja.

Cha tano ni rondeli za kuzuia uvujaji: ile ya shaba chini ya enjekta ya mashine ya kusaga, na ile ya skrubu ya mafuta kwenye mguu wa mota ya pirogi. Bila ya kwanza, mgandamizo unatoroka na mashine inakosa nguvu. Bila ya pili, maji ya ziwa yanaingia kwenye mafuta ya gia na kuyafanya meupe kama maziwa. Fundi akifanya vidanji na kuona rangi hiyo, gia zimeshaanza kuteseka.

Mambo haya si ya ziwani peke yake. Mashine za kukata majani zinazosikika asubuhi katika mtaa wa Golf, Lubumbashi, zina mota ya aina hiyohiyo. Klaveti ya volani ikikosekana, volani inahama, cheche inatoka wakati usiofaa, na kamba inaweza kumrudia mvutaji kwa nguvu mkononi. Tofauti ni kwamba mashine ya majani ikizimika, mtu anabaki amesimama bustanini. Mvuvi hana bustani ya kusimama.

Hata ndege imewahi kusahauliwa

Tusidhani kwamba ni ugonjwa wa mafundi wasio na shule. Tarehe 5 Mei 1983, ndege ya shirika la Eastern Air Lines la Marekani iliruka kutoka Miami kwenda Nassau, Bahama, ikiwa na watu 172. Ilikuwa na injini tatu. Mafundi walikuwa wamebadilisha kwenye kila injini kifaa kinachonasa chembe za chuma ndani ya mafuta, lakini walikirudisha bila pete zake za mpira. Mafuta yakavuja kwenye injini zote tatu. Rubani alizima ya kwanza, kisha mbili zilizobaki nazo zikafa juu ya bahari. Waliwahi kuiwasha tena ile ya kwanza, wakarudi Miami salama. Pete ndogo za mpira zilikaribia kuua watu 172.

Profesa James Reason wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, aliyetumia miaka mingi kuchunguza makosa ya kazini, alieleza jambo hili kwa mfano wa bulo moja yenye ekru nane, kila moja ikiwa na nafasi yake. Kuzitoa kuna njia moja tu: unaanza na ya mwisho. Kuzirudisha kwa mpangilio sahihi pia kuna njia moja, lakini njia za kukosea ni zaidi ya 40,000. Na hapo hatujahesabu kusahau moja kabisa. Ndiyo maana mtoto anaweza kufungua mota, lakini kuifunga kunahitaji fundi.

Kuna sababu nyingine. Lengo la fundi ni mota iwake. Ikishawaka, kichwa kinasema kazi imekwisha, wakati bado kuna gupiye ya kukunja na bulo la mwisho la kukaza. Ongeza simu inayolia, mteja anayesimama pembeni akihimiza, au mwanafunzi wa garaji aliyefungua jana wakati mwingine anafunga leo. Kila kukatizwa ni mlango wa kusahau.

Dawa yake haigharimu kitu

Trei ya mayai ya karatasi ni sanduku zuri la fundi. Kila hatua ya kufungua inapata shimo lake, kwa kufuatana. Wakati wa kufunga, unarudi nyuma shimo kwa shimo. Shimo likiwa na kitu mwishoni, mota haijakwisha. Kwa kifuniko chenye bulo za urefu tofauti, chora umbo lake kwenye karatasi ngumu, toboa, chomeka kila bulo mahali pake.

Simu yenye kamera nayo inasaidia: picha kabla ya kugusa, picha baada ya kila kifuniko. Na simu hiyohiyo ikilia katikati ya kazi, fundi akirudi asianzie pale anapodhani aliachia. Arudi nyuma hatua mbili au tatu, ashike kila bulo kwa mkono.

Kwa wanaofanya kazi kwenye mchanga wa ufukweni, turubai chini ya mota ni lazima, na sumaku ya spika iliyokufa hutafuta klipsi na resori zilizoanguka. Ila sumaku haikamati shaba wala mpira, kwa hiyo rondeli hizo zihesabiwe kabla.

Mwenye mota pia ana kazi yake. Aombe kurudishiwa vipande vya zamani na aulize kila kimoja kimebadilishwa na nini. Asikubali mota ijaribiwe kwa kamba tu, bali izamishwe kwenye pipa la maji na kuwaka dakika kumi, huku akiangalia ule mkondo wa nyuma. Akague gupiye kwa macho yake kabla ya kusukuma pirogi. Ndani ya pirogi kuwe na gupiye mbili za akiba, buji, makasia na jaketi za kuokoa maisha kwa kila aliyepanda.

Na fundi anayekuta kipande kwenye gunia jioni asinyamaze kwa kuona haya. Aende ufukweni usiku huohuo kumzuia mteja asiondoke. Kufungua mota upya ni kazi ya saa moja au mbili. Kipande chenyewe, kikipotea, mara nyingi kinapaswa kuagizwa Lubumbashi, zaidi ya kilomita 300, kwa barabara ambayo wakati wa mvua kila mmoja anaijua.

Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Upande wa Zambia, uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Majuma kama hayo ya utulivu ni wakati mzuri wa kufungua mota bila haraka, kuhesabu vipande, na kuvirudisha vyote.