Si kila kikohozi cha mtu wa mine ni TBC

Bandugu wa mine, na mama mnaotungojea nyumbani,

Kwetu Bukama, mtu wa shimo akikohoa wiki tatu, watu wanasema mambo mawili tu: vumbi ao TBC. Mara nyingi wanasema kweli. Lakini sisi wa sendika tuliona ndugu mmoja, creuseur, aliyekula dawa ya TBC miezi miwili bila kupona. Makohozi yake yalipimwa mara mbili, mikrobe haikuonekana. Homa ilibaki, mwili ulikwisha. Aliumwa upande wa kuume, chini ya mbavu, maumivu yakapanda mpaka begani. Siku moja akakohoa kitu kizito cha rangi ya shokola, karibu kikombe kizima. Ndipo munganga mwingine akapiga ekografi. Ilikuwa amiba.

Amiba tunaijua wote: ile ya kuhara damu. Ni kadudu kasikoonekana kwa macho, tunakanywa katika mayi ao tunakala na chakula kilichoguswa na mavi. Kwa kawaida kanakaa tumboni. Mara nyingine kanapita katika damu mpaka kwenye ini, kanatengeneza jipu. Jipu likikomaa, linaweza kutoboa ukuta unaotenga tumbo na kifua, usaha ukaingia katika pafu la kuume. Si jambo la kila siku, lakini linaua likichelewa. Tena jipu hilo la ini linashika wanaume kuliko wanawake, karibu mara 10. Na wengi hawaharishi hata kidogo siku wanapougua, ndiyo maana hakuna anayefikiria tumbo.

Jambo la furaha: dawa iko. Ni metronidazole, ile tunayoita Flagyl, kwa kipimo na siku ambazo munganga anapanga. Kisha inafuata dawa ya pili ya kumaliza amiba zilizobaki tumboni. Usinywe pombe ukiwa nayo, wala usinunue vidonge viwili vitatu sokoni ukasema umepona.

Jambo lingine. Kwa sababu ya kipindupindu tumezoea kutia klori katika mayi ya Lualaba. Tuendelee, inasaidia sana. Lakini amiba inajifunga ndani ya ganda, na klori ya kawaida haiivunji. Moto ndio unaiua: mayi yachemke kabisa. Mama, bidoni ya baba ya kwenda nayo kazini ijazwe mayi yaliyochemshwa.

Na sisi wenyewe? Pale shimoni watu mia wanafanya kazi bila choo hata kimoja. Mvua ikinyesha, uchafu wote unashuka katika mayi tunayokunywa. Kodi ya karyeri inalipwa kila siku, choo hakichimbwi. Mwenye kontra, Code du travail ya 2002 inamlazimisha mwajiri kumtunza yeye na jamaa yake akigonjwa. Creuseur hana kontra, anajilipia ekografi mwenyewe. Kwa hiyo tunadai vyoo mbali na mayi, na mayi safi kwenye kila karyeri.

Bandugu, ukikohoa, nenda kwanza upimwe TBC, usiogope. Wakisema haionekani na homa haiishi, waonyeshe mahali unapoumwa, chini ya mbavu za kuume. Waulize: munganga, na ini je?