Stendi Igumbilo, fedha Miyomboni

Mabasi ya mikoani yalipohamishiwa Igumbilo, Iringa ilipata nafasi ambayo miji mingi inaililia: uwanja mpya kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya, na ardhi ya kujenga pembeni. Biashara ya maana, hata hivyo, bado ipo juu mlimani, Miyomboni na Soko Kuu.

Mwenye fremu mmoja wa stendi anaeleza kwa uchungu. Mkataba wake ni mfupi, hivyo haoni sababu ya kununua jokofu kubwa, na benki haiupokei kama dhamana. Abiria wa Iringa akishuka anadakwa na bajaji kabla hajageuza shingo. Anayeendelea na safari hapewi nafasi ya kunywa hata chai, maana basi linaingia, linalipa ushuru getini, linatoka. Kodi ya fremu inadaiwa mteja aje asije. Lawama yake kubwa ni hii: mwenye stendi, yaani halmashauri, anavuna kwa basi kupita, hana hasara mamalishe akifunga. Sijapata hoja ya kuipinga.

Ofisa mmoja wa mipango miji anaitetea stendi kwa kipimo cha mita 800, yaani mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu. Ndani ya duara hilo, anasema, gesti, maghala na makazi vitajijenga vyenyewe. Kipimo hicho kinatumika duniani kote, lakini kinahusu abiria wa kila siku asiye na mzigo. Anayeshuka Igumbilo na gunia la viazi hatembei mita 800. Wala viwanja havijijengi. Vinaweza kukaa miaka mikononi mwa watu wanaosubiri bei ipande.

Mji wa Makambako haukungoja mchoro wa duara. Reli ya kwenda Zambia, barabara kuu na njia ya Songea zilikutana pale, na mizigo ikalazimika kushushwa, kulala na kupakiwa upya. Biashara ilifuata kazi. Huko Hong Kong shirika la reli lenyewe hupewa haki ya kuendeleza ardhi ya vituo vyake kwa kushirikiana na wajenzi, kisha faida ya nyumba na maduka husaidia kulipia reli. Linapata hasara eneo likidorora, kwa hiyo linalihangaikia.

Hapa mikataba ya miaka mingi, daladala za uhakika kupanda mjini hadi usiku, na soko la jumla la mazao jirani na stendi vingeweza kubadili hesabu. Vingeweza tu, kwa sababu ushuru wa getini ni fedha ya leo na pango la muda mrefu ni fedha ya kesho, na bajeti za halmashauri hupimwa kwa mwaka. Mwenye fremu anasema mkataba ukiisha atatafuta chumba Miyomboni, hata kwa kodi kubwa zaidi.