Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu wa Upare na Suala la Kuasiliwa Ng'ambo

Kuasili ni hatua ya kisheria ambayo kwayo mtu mzima huchukua haki na wajibu wote wa mzazi juu ya mtoto asiyemzaa, na mtoto huyo akahesabiwa kama aliyezaliwa katika familia yake mpya, huku uhusiano wa kisheria kati yake na wazazi wa damu ukikatika. Kwa kuwa uamuzi wa namna hiyo hautenguliwi kwa wepesi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeuweka mikononi mwa Mahakama Kuu, na kwa mkazi wa Same, wilaya ya Upare, awe wa mjini au wa vijiji vya milimani vya Mbaga, Gonja au Mamba, shauri hilo huanzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya na kuishia mahakamani Moshi. Kuasili si sawa na malezi ya kambo, ambayo ni ya muda na humwacha mtoto akiwa bado wa wazazi wake kisheria, wala si sawa na kuwekwa katika makao ya watoto, ambayo humlisha, humvika na humtibu mtoto lakini hayawezi kumpa ukoo.

Katika mashirika ya nchi za Magharibi yanayoshughulikia uasili, mtoto huitwa mwenye mahitaji maalumu hata kwa sababu ya umri mkubwa tu, au kwa kuwa ana ndugu asiyepaswa kutenganishwa naye. Hapa anazungumziwa mtoto mwenye ulemavu au maradhi ya kudumu: mwenye mtindio wa ubongo, yaani udhaifu wa misuli na mwendo unaotokana na ubongo kudhurika kabla, wakati au muda mfupi baada ya kuzaliwa, mwenye kichwa kikubwa, ambacho husababishwa na maji kujikusanya ndani ya ubongo, mwenye mgongo wazi, ambaye mifupa ya uti wake haikufunga alipokuwa tumboni, na mwenye uziwi, usonji au ualbino.

Sheria ya Tanzania haikumfungia mgeni mlango wa kumwasili mtoto kama huyu, ila imeuweka mlango huo mwisho kabisa. Mgeni anayeomba hutakiwa awe ameishi nchini kwa miaka mitatu mfululizo, awe amemlea mtoto husika kwa miezi isiyopungua mitatu chini ya uangalizi wa Afisa Ustawi wa Jamii, asiwe na rekodi ya uhalifu kwao, na athibitishe kwamba nchi yake itaitambua amri ya mahakama ya Tanzania. Zaidi ya hayo, yapasa ionekane kwanza kwamba mtoto hawezi kupata familia wala malezi yanayomfaa ndani ya nchi. Sharti hili linaafikiana na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao katika ibara yake ya 24 unautaja uasili wa nje ya nchi kuwa njia ya mwisho. Tanzania haijajiunga na Mkataba wa Hague wa mwaka 1993 kuhusu uasili wa kimataifa, ulioanzisha mamlaka kuu ya kila nchi mwanachama ili mataifa mawili yachunguze shauri moja kwa pamoja. Kwa hiyo kinga ya mtoto wa Same hutegemea zaidi uadilifu wa ofisi za hapa nyumbani, na ugumu wa masharti yaliyotajwa una maana yake. Kenya ilijiunga na mkataba huo, lakini mwaka 2014 ilisitisha uasili wa wageni kwa hofu ya biashara ya watoto, na Ethiopia iliupiga marufuku mwaka 2018.

Hata hivyo, kwa mtoto mwenye ulemavu masharti hayo yana gharama ambayo haisemwi vya kutosha, nayo ni muda. Mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kuelekea ndani tangu kuzaliwa, hunyooshwa vizuri zaidi ukifungwa plasta za kubadilishwa kila wiki kuanzia wiki za mwanzo za uhai, na baadaye mtoto huvalishwa viatu maalumu usiku hadi umri wa miaka minne hivi. Maji ya kichwani nayo yakiachwa huendelea kuukandamiza ubongo mwezi hata mwezi. Katika Afrika Mashariki maji hayo mara nyingi hutokana na maambukizi yaliyompata mtoto mchanga, na ni katika hospitali ya Mbale, Uganda, ambako tangu mwaka 2001 daktari wa upasuaji Benjamin Warf aliendeleza njia ya kuyafungulia maji mkondo mpya ndani ya ubongo wenyewe, ili mtoto wa kijijini asiishi akitegemea mrija ambao ukiziba atahitaji hospitali kubwa saa hiyo hiyo. Tiba inayohesabiwa kwa wiki haiwezi kungoja shauri linalohesabiwa kwa miaka, na mtu anayedhani kwamba uasili wa ng'ambo ndio tiba ya mtoto wa aina hii anachanganya mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa. Mtoto anastahili kutibiwa katika hospitali kubwa, KCMC ya Moshi au Muhimbili ya Dar es Salaam, akiwa bado na mama yake, au na yeyote aliye naye, na suala la nani atamlea lije kwa njia yake.

Hapo ndipo hali ya Upare inapopaswa kutazamwa kwa makini. Simulizi za Mbaga kuhusu jiwe la Malameni zinaeleza kwamba zamani watoto waliodhaniwa kuleta mkosi walitolewa uhai mahali hapo, mpaka desturi hiyo ilipokomeshwa wakati wa ukoloni. Wako wanaoitumia historia hiyo kudai kwamba jamii ya milimani humkataa mtoto mwenye kasoro, na kwamba kumpeleka mbali ni kumwokoa. Dai hilo ni la dhuluma, kwa sababu katika ukoo wa Kipare, unaofuata upande wa baba, hata mtoto aliyefiwa na wazazi ana baba wakubwa, baba wadogo, mashangazi na bibi ambao kwa mila hawawezi kumkana. Kinachomshinda bibi wa Mamba si upendo. Kinachomshinda ni kumbeba mgongoni mtoto wa miaka saba asiyeweza kutembea, kwenye njia za mteremko ambazo kiti cha magurudumu hakipiti, hadi barabarani, kisha kumfikisha Same na kuendelea Moshi kwa mazoezi ya viungo ambayo yanatakiwa kurudiwa kila mara. Huduma ikipatikana ndani ya taasisi peke yake, familia humpeleka mtoto kwenye taasisi ili apate huduma, na baada ya miaka michache majalada humwandika kuwa mtoto asiye na familia.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaitaka serikali, pale wazazi wanaposhindwa, imtafutie mtoto malezi kwa jamaa wengine wa ukoo, na wakikosekana, ndani ya jamii katika mazingira ya kifamilia. Ng'ambo ya bonde, katika Milima ya Usambara, makao ya Irente yaliyo chini ya Kanisa la Kilutheri yamekuwa yakipokea watoto wachanga waliofiwa na mama zao kwa nia ya kuwarejesha kwa ndugu wanapokuwa wamepita umri wa hatari. Utaratibu huo una uzito wa kisayansi, kwani utafiti ulioanza Bucharest, Romania, karibu na mwaka 2000 ulionyesha kwamba watoto waliotolewa katika taasisi na kukabidhiwa kwa walezi wa kambo walikua zaidi kiakili kuliko waliobaki, na kwamba waliotoka kabla ya kutimiza miaka miwili ndio waliofaidika zaidi. Kwa mtoto kiziwi, kuwapo kwa shule ya viziwi Mwanga kunamaanisha kwamba anaweza kupata lugha ya alama na elimu bila kuihama Upare.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi Usangi na Ugweno, kaskazini mwa Upare, iko pia kafala, yaani kumlea mtoto kikamilifu bila kubadili nasaba yake, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitambua waziwazi kuwa aina halali ya malezi mbadala.

Wapo hata hivyo watoto wachache ambao ukoo wao haukupatikana baada ya kutafutwa kwa dhati, na ambao hakuna Mtanzania aliyejitokeza kuwaasili. Kwa hao, familia ya kigeni iliyoishi nchini ni heri kubwa, mradi iambiwe ukweli wote. Jalada la mtoto halina budi kuonyesha jinsi ugonjwa ulivyopimwa na nani aliyeupima, dawa anazotumia, upasuaji aliofanyiwa, kile asichoweza kufanya na kile anachoweza, lugha anayoielewa, iwe Kiswahili au Chasu, lugha ya Wapare, pamoja na kijiji alikotoka na watu waliohojiwa katika kuwatafuta ndugu zake. Nakala ya jalada hilo nayo haina budi kubaki nchini, kwa kuwa siku moja mtoto huyo akiwa mtu mzima anaweza kurudi Same kuuliza.