Soda Isiyo na Sukari: Faida na Hasara Zake

Siku hizi madukani kuna soda zisizo na sukari. Ni tamu, lakini utamu wake hautokani na miwa. Hutokana na viungo vya kiwandani, kama aspatemu. Utamu wa aspatemu ni mara 200 hivi ya utamu wa sukari. Kwa hiyo kiasi kidogo sana hutosha.

Je, soda hii ina faida gani? Soda ya kawaida ya mililita 330 ina sukari kama vijiko vya chai 8 au 9. Soda hii haina hata kimoja. Mgonjwa wa kisukari akiinywa, sukari haipandi katika damu yake.

Hasara pia zipo. Soda hii ina asidi inayokula meno. Haijengi mwili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee viungo hivi ili kupunguza unene, maana havisaidii kwa muda mrefu.

Tahadhari! Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa huweza kupungukiwa sukari ghafla. Hutetemeka, hutoka jasho na huchanganyikiwa. Hapo soda isiyo na sukari haimwokoi. Kama anaweza kumeza, mpe upesi soda ya kawaida au maji yenye sukari. Kama amezimia, usimtie kitu kinywani. Mkimbize hospitali.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, soma maandishi ya chupa kabla ya kununua. Na ukiwa na kiu tu, kunywa maji safi yaliyochemshwa.